Maneno Kumi na Tano ya Mkasi

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na mashine ilikuwa imekwama karatasi kwa mara ya tatu. Mwisho wa foleni wazee wawili walibishana, mmoja wa chama cha Ngazi, mwingine wa chama cha Ndoo. Kila mmoja alimwita mwenzake msaliti, na wote wawili walikuwa wamekuja kutoa nakala ya cheti kimoja cha mjukuu wao.

Mbele yao alisimama kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa akisoma simu na kucheka peke yake. Msichana aliyemfuata, gauni la njano, nywele zimebanwa kwa kalamu, alivumilia akashindwa.

"Kaka, tucheke wote basi."

"Sikiliza hii, dada. 'Waziri amezindua daraja jipya. Mto unatarajiwa kuchimbwa mwakani.' Imekwisha." Akajifuta machozi. "Kwetu mama ni Ndoo, mjomba ni Ngazi. Ukiomba chumvi mezani unaanzisha mdahalo. Huyu anayeandika hivi ndiye anayeniokoa. Nikimpata namwoa."

"Na kama ni babu wa miaka sabini?"

"Nitambembeleza hivyo hivyo."

Msichana akaangalia viatu vyake ili asicheke. Babu huyo alikuwa yeye. Alifanya kazi katika shirika dogo lililotuma habari kwenye simu za watu, na habari yoyote haikuruhusiwa kuzidi maneno kumi na tano. Waandishi walimletea mia nne. Yeye alikata sifa, akakata matusi, akakata vigelegele, akabakiza mifupa. Ofisini walimwita Mkasi. Kijana naye alijulikana kama Fundi Spika. Alifunga vipaza sauti kwenye mikutano ya hadhara, leo kwa Ngazi, kesho kwa Ndoo, pamba masikioni kote kote.

Wakaanza kutoka pamoja, na siku ya tatu Mkasi akamwambia ukweli.

"Kwa hiyo babu yangu ni wewe?"

"Ni mimi. Timiza ahadi."

"Ngoja kwanza nione unakula kiasi gani, mpenzi."

Wakawekeana sheria moja: atakayetaja chama chochote mbele ya mwenzake ataosha vyombo. Waliishika sheria hiyo kama dawa ya kikohozi. Ndiyo maana Ijumaa ile Fundi alipopiga simu asubuhi, alisema tu, "Laazizi, leo nina kazi hadi jioni," naye Mkasi hakuuliza kazi ya nani.

Saa kumi na moja jioni Mkasi alikuwa na ripoti ishirini na sita mezani. Ya mwisho ilitoka kwenye mkutano wa Ngazi, ndefu kama treni. Alikuwa na tabia moja ya siku nyingi: aya ya mwisho hakuisoma, maana siku zote huwa ni shukrani kwa wadhamini. Akakata, akatuma:

"Vipaza sauti vimezimika kwenye mkutano wa Ngazi. Fundi amekutwa ameshika waya. Jana alikuwa kwa Ndoo."

Kufikia saa moja usiku Ngazi walikuwa wamefuta mikutano minne ya Fundi Spika. Ndoo walimletea fulana ya chama na cheti cha ushujaa. Mjomba alihamisha kiti chake sebuleni kikaangalia ukuta. Mama alimkumbatia mwanawe huku analia.

"Nilijua, mwanangu. Nilijua ipo siku utafunguka."

"Mama, sijafunguka. Mimi sina chama."

"Ndivyo mashujaa wanavyosema."

Fundi akampigia Mkasi.

"Niambie kweli. Wewe ni Ndoo?"

"Umetaja chama. Vyombo vinakungoja."

"Sitanii. Mimi kazi yangu ni kuaminiwa na pande zote. Umenimwagia unga kwa maneno kumi na tano." Simu ikakatwa.

Mkasi aliifungua ile ripoti upya. Aya ya mwisho haikuwa na wadhamini. Ilisema mgeni rasmi, alipokuwa akirukaruka jukwaani, alijikwaa kwenye waya akauchomoa, na fundi alikimbia kuurudisha.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mhariri wake kabla bosi huyo hajavua koti.

"Tusahihishe."

"Tukisahihisha tutaonekana Ngazi."

"Na mgeni rasmi ndiye aliyejikwaa."

"Basi tutaonekana Ndoo. Kaa kimya, binti yangu. Na huko nje hakuna anayejua kwamba kuna Mkasi."

"Watajua leo."

Akakaa akaandika, kwa mara ya kwanza na jina lake, akatuma bila ruhusa:

"Masahihisho: waya ulichomolewa na mguu wa mgeni rasmi. Fundi aliushika kuurudisha. Kosa ni langu, Mkasi."

Simu za ofisi ziliwaka. Ngazi walimtukana, Ndoo walimtukana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule vyama vyote viwili vikakubaliana jambo. Mama alidai cheti cha ushujaa kirudishwe. Mjomba aligeuza kiti. Ila Fundi hakupiga simu, siku ya kwanza, ya pili, wala ya tatu.

Siku ya nne, mchana, Mkasi alisikia mngurumo chini ya dirisha la ofisi.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko juu?"

Barabara nzima ilimsikia. Fundi Spika alisimama juu ya gari la mizigo, shati jeupe limepigwa pasi pande zote, spika mbili ubavuni.

"Mkasi, nimekusoma mpaka aya ya mwisho. Bado nakupenda. Naomba uwe mke wangu, kama hutajali sana."

Mkasi alihesabu kwa vidole, akaanza upya, akatoa kichwa dirishani.

"Matatu ya mwisho hayana kazi."

"Yapi?"

"Kama hutajali sana."

"Kata, mpenzi."

"Nimeshakata. Ndiyo."

Nyuma yake mhariri alikohoa. "Hiyo nayo ni habari," alisema. "Ila izingatie kanuni."

Jioni ile simu zote za mji zililia mara moja:

"Mkasi na Fundi Spika wanaoana Jumamosi. Mama na mjomba watakaa meza moja. Kipaza sauti hakitakuwepo."