Taa Isiyo na Pacha

Jumatatu asubuhi, kabla hata mafundi hawajavaa ovaroli, mwenye gereji alifungua kabati la chuma akakuta hewa tupu. Mashine ya kupimia magari, ile ambayo ukiichomeka inakuonyesha kwenye kioo chake ugonjwa wa gari uko wapi, haikuwepo. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wake nyuma ya kabati, mahali ambapo kila aliyewahi kufanya kazi pale alipajua.

Saa tatu ilimkuta mpelelezi kutoka kituoni amesimama katikati ya gereji, mikono nyuma, akitazama juu. Alikuwa mwanamke wa makamo, na wenzake walimwita Afande Taratibu kwa sababu hata chai aliinywa kama anaihoji.

"Afande, kabati liko huku," alisema mwenye gereji.

"Naliona, mwanangu. Nani alipaka dari hili?"

Mwenye gereji, msichana aliyesomea magari chuoni kisha akarudi kuifufua gereji ya marehemu baba yake, alivuta pumzi. "Huyo huyo mwizi wetu. Fundi rangi. Anaitwa Brashi."

Ilikuwa kazi safi. Kuta zilikuwa za kijivu kizito toka sakafuni hadi usawa wa bega, na kutoka hapo kwenda juu zilikuwa nyeupe, dari nalo jeupe, likimeta. Taa ndefu zilining'inia kwa minyororo, na kila taa ilikuwa na pacha wake juu yake, kivuli cha mwanga kilicholala kwenye mng'ao wa dari. Zote zilikuwa hivyo isipokuwa moja, ya juu ya lori bovu kule mwisho. Hiyo ilijiwakia peke yake.

"Kwa nini unasema ni Brashi?"

"Jumamosi tulimwachia funguo amalizie ukuta wa nyuma. Leo mashine haipo. Unataka niseme ni paka?"

Nyuma yake kaka yake mkubwa alikohoa. Huyu wateja walimwita Sikio. Miaka yote aliyafahamu maradhi ya injini kwa kuyasikiliza tu, kichwa kimeinama, kofia yake kuukuu yenye vidoa vyeupe ameirudisha kisogoni.

"Na wewe, kaka, unamshuku nani?"

"Mimi?" Sikio alitazama viatu vyake. "Mimi mtu wa injini, afande. Ya watu siyajui."

Afande Taratibu alianza na mlinzi wa getini, ambaye aliapa mara mbili kabla hajaulizwa chochote.

"Jana ulikuwa hapa mchana wote?"

"Wote, afande. Haki ya Mungu."

"Na mpira je? Jana timu zote mbili kubwa zilicheza, na mimi sijaona mlinzi mji huu asiyekuwa na timu."

Mlinzi alilamba midomo. "Kipindi cha pili tu. Pale kibandani ng'ambo ya barabara. Na tulifungwa, kwa hiyo nimeshaadhibiwa."

"Aha. Nani aliingia mwisho wa wiki?"

"Jumamosi Brashi, akatoka jioni na ndoo yake. Nilimkagua ndoo, humo mlikuwa na matambara tu. Jana mchana bosi mkubwa, Sikio. Alikuja kuliwasha lile lori alisikilize. Hiyo ni kawaida yake. Asiposikia injini, Jumapili kwake haijapita."

"Ulisikia likiunguruma?"

Mlinzi alifikiri. "Kabla sijatoka, hapana. Niliporudi, hapana pia. Labda lilipokuwa likiunguruma mimi nilikuwa nikilia na wenzangu."

Brashi alikuwa amekalishwa juu ya tairi nje, askari kijana pembeni yake. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kucha zake zina rangi za kazi tatu tofauti. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitazama getini.

"Unamngoja nani?" aliuliza Afande Taratibu, akijivutia tairi jingine akakaa.

"Msimamizi wa majengo wa hospitali. Anakuja saa nane kuiona kazi hii, kisha amwulize mwenye gereji habari zangu. Wana gereji kubwa ya magari ya wagonjwa wanataka ipakwe." Alicheka bila furaha. "Habari zangu atazipata."

"Nami nina gereji nyumbani. Ndogo. Kuta zake zimechubuka kama magoti ya mtoto. Ungenishauri nini?"

Brashi alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakudhihakiwa.

"Gereji si sebule, mama. Ina moshi, ina grisi, maji yanaruka, milango ya magari inagonga. Chini weka ile rangi ngumu ya kuchanganya makopo mawili. Ikishakauka hata petroli haiing'oi. Juu na dari weka ya mafuta, nyeupe, inayong'aa. Inarudisha mwanga, na moshi ukiganda unaufuta kwa kitambaa chenye sabuni, umemaliza. Ila uwe na subira. Inanuka, na inataka siku nzima kukauka."

"Na rangi ya maji?"

"Ipo nzuri, inayooshwa. Mimi sigombani na rangi ya maji. Nagombana na ile dhaifu, kama ya ofisini mle ndani. Inakauka upesi na haina harufu, lakini ukiigusa tu, inakufuata mpaka nyumbani."

"Hukuitumia wewe humu?"

"Hata tone! Ukiipaka juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa, inakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Anasubiri aguswe aondoke."

Afande Taratibu aliinuka, akajipangusa. "Kuna jambo ulilolikuta asubuhi likakushangaza?"

"Ngazi yangu. Mimi ngazi naiacha imelala. Mwenzangu mmoja iliwahi kumwangukia, tangu hapo siachi ngazi imesimama bila mtu. Leo nimeikuta imesimama kwenye kona."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

Ofisini, Afande Taratibu aliegemea ukuta akingoja maji ya kunywa. Alipoinuka, bega la koti lake jeusi lilikuwa jeupe.

"Pole, afande!" Mwenye gereji alimkung'uta kwa kiganja. "Hiyo ni rangi ya kaka. Mwaka jana alisema fundi wa nini wakati yeye ana mikono. Tangu hapo kila mteja anatoka humu kama ameanguka kwenye unga."

"Ilibaki?"

"Kopo lile chini ya meza."

Kopo lilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Mfuniko wake haukuwa na vumbi.

"Ofisi hii nani ana funguo zake?"

"Mimi na kaka. Brashi tulimpa ya geti na ya gereji tu."

"Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Harusini, mbali. Nimesimamia bibi harusi, picha zipo mia." Kisha msichana aliacha kukung'uta. "Afande, mbona unaniuliza mimi?"

"Waite wote," alisema Afande Taratibu. "Na unipatie kitambaa chenye maji."

Saa saba na nusu walikuwa wote chini ya taa ya mwisho, kando ya lori: ndugu wawili, mlinzi, Brashi na askari wake.

"Nimetazama juu tangu nilipoingia," alianza Afande Taratibu, "mkadhani nimechoka na kazi. Hesabuni taa. Kila moja ina mwenzake darini. Hii haina. Brashi, hapa ulipaka tofauti?"

Brashi aliinua macho. Uso wake ulibadilika, si kwa hofu, kwa uchungu wa fundi. "Nani amenichafulia dari langu?"

"Panda. Papanguse."

Alisogeza ngazi, akapanda na kitambaa. Pembeni, maji yalisimama juu ya rangi kama jasho, kisha yakateleza. Katikati, dari liliyanywa, likageuka kijivu. Kitambaa kilitoka cheupe. Brashi alikwangua kwa ukucha, na rangi ikabanduka vipande vipande kama ngozi ya kitunguu. Chini yake ukatokea mstari, kisha pembe nne za kibao.

"Kifuniko cha nyaya!" alisema mwenye gereji. "Nilikwisha kukisahau."

"Brashi alikipaka kikawa sehemu ya dari," alisema Afande Taratibu. "Aliyekifungua juzi au jana alizipasua kingo zake, ikabidi azizibe. Sasa, Brashi alikuwa na makopo ya rangi ya mafuta humu humu, na Jumapili nzima ya kukausha. Angeitafutia nini rangi ya ofisini, ofisi ambayo hana funguo zake? Mtu huyu alitaka rangi inayokauka upesi, isiyonuka, kabla mpira haujaisha. Akaisimamisha ngazi, akaiacha imesimama. Na rangi inayopakwa juu humdondokea mpakaji." Alimgeukia Sikio. "Kaka, naomba kofia."

Sikio hakubisha. Afande Taratibu alilowesha kidole, akasugua kidoa kimoja kwenye ukingo wa kofia. Kidoa kilihamia kidoleni. "Cha mwaka jana kingekuwa kimeshafutika," alisema.

Juu ya ngazi, Brashi alisukuma kibao, akaingiza mkono, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa taulo.

"Kaka," alisema msichana. Sauti ilimtoka ndogo. "Kaka, kwa nini?"

Sikio alikaa kwenye ngazi ya lori. "Zamani mtu akileta gari, hata hajazima, ananiita. 'Njoo usikie.' Sasa wanakuja, unachomeka waya, wanatazama kioo. Wiki nzima iliyopita hakuna aliyeniita, hata wewe. Nilitaka wiki moja tu bila hicho kidubwasha. Ijumaa ningesema nimekikuta nyuma ya matairi."

"Na Brashi?" aliuliza Afande Taratibu.

"Brashi sikumfikiria."

"Asubuhi ulisikia jina lake likitajwa."

"Nilisikia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila dakika niliyokaa kimya, kusema kukawa kugumu zaidi."

Afande Taratibu alimtazama mwenye gereji. "Mali ni yako. Ukitaka shauri, nalipeleka mahakamani. Usipotaka, bado kuna mtu aliyekalishwa juu ya tairi tangu asubuhi kama jambazi. Huyo naye ana la kusema."

"Shauri sitaki," alisema msichana. "Lakini nami nilimwita mwizi. Brashi, nisamehe."

Brashi alishuka taratibu, akailaza ngazi sakafuni. Kisha akasimama mbele ya Sikio.

"Wewe nimekusalimu kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Basi saa nane yule mtu wa hospitali akifika, mdogo wako asiseme kitu. Utamweleza wewe. Yote. Na mlinzi awepo, maana huyo ndiye redio ya mtaa."

"Mimi?" alisema mlinzi.

"Nitamweleza," alisema Sikio.

Alimweleza. Msimamizi alikuja na kofia ngumu na haraka nyingi, na haraka hiyo ikamwishia pale chini ya dari, akisikiliza mtu mzima anavyojivua nguo mbele za watu. Sikio hakujipunguzia hata neno. Alipomaliza, msimamizi alichukua kitambaa chenye maji, akaomba ngazi, akapangusa dari mahali pazima, na mahali palipobanduka, na kutazama kitambaa.

"Hospitali unaanza lini?" alimwuliza Brashi.

"Kwanza nirekebishe hapa. Nina msaidizi leo." Brashi alimtupia Sikio karatasi ya msasa. "Sugua mpaka mng'ao ufe. Ndipo rangi ishike."

Sikio alipanda ngazi, Brashi akaishika chini. Kando yao msichana alikuwa amechomeka mashine kwenye lori, anakunja uso mbele ya kioo. Aliwasha. Lori likaguna, likatikisika.

"Kaka," aliita, bila kuinua macho. "Hebu sikia hapa."

Msasa ulinyamaza. Sikio aliinamisha kichwa kule juu, akangoja kidogo.

"Mashine inasema nini?" aliuliza.

"Ngoja," alisema Brashi. "Dari kwanza."