Kilo Themanini

Jumamosi adhuhuri duka la vifaa vya michezo lilijaa pomoni, watu wanapigana vikumbo utadhani vitu vinagawiwa bure. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Mkono mmoja ameshika glovu za rangi ya waridi, mwingine gazeti lenye picha ya mwanamume aliyepakwa mafuta mpaka anang'aa. Mtaani kwake walimwita Fundi, kwa kuwa hapakuwa na bibi harusi aliyetoka pale bila kupita kwenye cherehani yake.

"Dada, samahani. Hizo glovu zirudishe."

Aligeuka. Nyuma ya kaunta alikuwapo mwanamume mrefu, mpole wa sura, ndevu zimechongwa vizuri, kalamu ya kijani imechomekwa sikioni.

"Kwani haziuzwi?"

"Zinauzwa sana. Ndiyo maana nakuomba uzirudishe."

"Wewe umeajiriwa kuuza au kufukuza wateja?"

"Kuuza. Ila nikikuuzia hizo, wiki ijayo utarudi kunitukana. Glovu nene na chuma haviwi marafiki, kitakuteleza. Chukua chaki, upake viganjani."

"Na hili gazeti?"

"Hilo linafutia vioo vizuri sana."

Fundi akacheka. Alijishangaa, maana ni zaidi ya mwaka hajacheka mbele ya mtu asiyemjua. Yule mwanamume akaunyanyua mkoba wake uliokuwa juu ya kaunta, akaupima kwa mkono, akafumba jicho moja.

"Kilo nne na robo. Umebeba pasi?"

"Mikasi. Hebu weka hapo kwenye mzani tuone uongo wako."

Mzani ulisema kilo nne na robo. Wateja wakashangilia, ndiyo maana pale dukani aliitwa Mizani. Fundi naye hakukubali kushindwa hivihivi, akamkagua kuanzia kola mpaka pindo.

"Na wewe shati linakupwaya mabegani, inchi mbili kamili. Zamani ulikuwa mpana kuliko sasa. Kwa nini uliacha?"

Tabasamu la Mizani likafa palepale. Akajifanya anapanga vitu. "Tuongee habari yako. Unataka nini hasa? Wengine huja kwa ajili ya tumbo, wengine mapaja."

"Mimi nataka kunyanyua kilo themanini."

"Mbona namba kamili hivyo?"

"Ndiyo namba yangu."

Wakati huohuo mteja mmoja kule nyuma akaangusha sahani ya chuma sakafuni. Ngaa! Wengine hawakugeuza hata shingo. Katika duka zima walioshtuka ni wawili tu: Fundi alishika ukingo wa kaunta, na Mizani aliufikia mlango wa nje kabla hajajua anakwenda wapi. Aliporudi walitazamana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi kwa ile kalamu ya kijani: viatu vya soli ngumu na bapa, visiwe vya sponji, chaki, daftari la kuandikia kila siku umebeba nini, mkanda wa ngozi, lakini akishafika hamsini, si kabla. Kisha akachomoa kwenye rafu ya chini kitabu chembamba, hakina hata picha moja ya misuli. Kilikuwa na michoro ya mifupa, na kurasa nne nzima juu ya namna ya kuuweka mgongo.

"Kisome hicho kabla hujagusa chuma," alisema. "Na namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi. Ni kwa maswali tu, usije ukafikiri vingine."

"Nifikiri vingine kwa shati hilo?"

Jioni ileile simu ya Mizani ililia.

"Ukurasa wa tisa wanasema magoti yasiingie ndani. Yangu yanaingia."

"Ulishaanza kuchuchumaa? Nimesema usome!"

"Nasoma huku nachuchumaa. Nina macho mawili na magoti mawili, kila kimoja na kazi yake."

"Makubwa haya," alisema Mizani, na usiku akalala anacheka peke yake.

Ndivyo yalivyoanza. Mapenzi mengine huanza kwa maua; haya yalianza kwa magoti. Kila Jumapili asubuhi walikutana kwenye jimu iliyo ndani ya ukumbi wa mtaa, chumba kirefu chenye vioo vilivyopasuka pembeni na harufu ya jasho na dawa ya kuchua. Mizani hakugusa chuma hata siku moja. Alisimama nyuma ya Fundi, mikono tayari, na kabla ya kila mnyanyuo alisema neno moja: "Nipo." Fundi alilipenda neno hilo kuliko "nakupenda", na siku Mizani alipomwambia hilo la pili, kwenye ngazi za ukumbi, alimjibu, "Najua, mpenzi. Sema lile jingine."

Arobaini. Hamsini, na mkanda ukanunuliwa. Mwezi wa nne Fundi akampeleka nyumbani kumsalimia mama yake.

Nyumba ilikuwa safi na kimya, kimya kile cha watu wanaotega sikio. Juu ya kabati palikuwa na redio kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe, na kando ya korido mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli. Mama alimkaribisha kwa maneno machache, akamketisha mkabala na ukuta. Ukutani palikuwa na picha ya kijana kifua wazi, anacheka, jino moja la mbele limekatika.

"Kaka yangu," Fundi alisema. "Tulimwita Jembe. Alikuwa akifanya mazoezi peke yake chumba kile. Alilala kwenye benchi akisukuma kilo themanini, zikamshinda, chuma kikamkalia kifuani. Nilipofika nilikivuta mpaka kucha zikang'oka, hakikusogea. Walikitoa majirani wawili." Akatazama viganja vyake. "Sasa unaijua namba yangu."

Mizani aliiweka chini glasi ya maji; jino lile lililokatika alilijua. Kabla ya duka alikuwa mwalimu kwenye jimu kubwa, na Jembe alikuwa mwanafunzi wake kipenzi, mpaka alipojinunulia vyuma vya kwake na kuhamia nyumbani. Habari za kifo alizisikia juu juu. Hakwenda mazishini. Tangu hapo mikono yake haikubeba chuma, na kila alasiri, hata kukiwa kimya, aliisikia sahani ikianguka mahali.

Nitamwambia kesho, alijisemea njiani. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi mitatu. Mtu mzima, mwenye ndevu, anaogopa sentensi moja! Lakini alikuwa amempenda, na alijua fika sentensi hiyo ingemgharimu nini.

Siku Fundi alipofika sabini, Mama alifungua sanduku lake akamtolea daftari lenye jalada jeusi.

"La kaka yako. Nilikuwa nalificha. Sasa una nguvu, litakusaidia."

Fundi alilifungua kwenye meza ya kukatia vitambaa, kando ya kile kitabu chembamba, ambamo ile karatasi ya siku ya kwanza ilikuwa bado alama ya ukurasa. Akasoma tarehe, kilo, utani wa Jembe. Ukurasa wa mwisho pembeni, kwa wino wa kijani, mtu mwingine alikuwa ameandika: "Funga vibano KILA seti. Bila kukosa."

Vibano ni vile vikufuli vidogo vya kuzuia sahani zisichomoke kwenye chuma. Siku ile vilikuwa vimefungwa barabara, Fundi aliviona kwa macho yake. Na kile kitabu chembamba kilikuwa kimemfundisha, ukurasa wa thelathini na moja, kwamba ukilala kwenye benchi bila mtu wa kukusimamia, usivifunge kamwe, ili chuma kikikushinda ukiinamishe upande mmoja, sahani zidondoke, utoke mzima. Sasa akaitazama ile karatasi ya dukani. Fundi wa nguo huujua mshono wa mwenzake hata gizani. K ileile yenye mguu mrefu. Kijani kilekile.

Alipiga simu.

"Ulimfundisha Jembe?"

"Fundi, mimi..."

"Nakuuliza wewe, Mizani! Ulimfundisha kaka yangu?"

"Fundi, mpenzi, nisikilize. Pale jimu kila mtu alikuwa na wa kumsimamia. Siku moja sahani ilichomoka ikakosa kidogo tu kumvunja mtu mguu, ndipo nikaandika vile kwenye madaftari ya wote. Nilisahau kusema..."

"Kusema nini?"

"Kwamba ukiwa peke yako, usifunge. Nilimpa nusu ya somo. Naisikia kila siku, Fundi. Kila siku ya Mungu."

"Na ukakaa sebuleni kwetu, ukanywa maji ya mama yangu, chini ya picha yake!"

"Nilitaka kukwambia kesho yake."

"Kesho gani hiyo ya miezi mitatu? Usinipigie tena."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mizani alibaki ameshika simu mpaka taa ya kioo ikazimika.

Fundi aliendelea na mazoezi peke yake, kwa hasira. Hasira ilimfikisha sabini na tano ikamwacha hapo. Kila alipoinama kushika chuma alisikia nyuma yake mahali patupu, halafu chini ya mahali hapo patupu sauti nyingine ya zamani, ya kwenye simu, inacheka: "Dada, njoo unisimamie seti moja tu." Nguo za wateja zikaanza kutoka na mikono isiyolingana. Akakonda. Wiki ya tatu Mama aliingia chumba cha cherehani, akaketi juu ya furushi la vitambaa bila kukaribishwa.

"Umemfukuza yule kwa sababu ya maandishi."

"Mama, yeye ndiye aliyemuua."

"Hebu ngoja." Mama alitazama mikono yake. "Siku ile mimi nilikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja tu. Redio ilikuwa juu, naimba nayo. Pengine aliniita. Pengine aligonga. Sijui, na sitajua. Kwa hiyo kama tunatafuta muuaji, mwanangu, tuanze na mimi."

Fundi alisimamisha cherehani. Kisha lile alilolifungia miaka miwili likatoka lenyewe.

"Alinipigia simu, Mama. Alasiri ile. Akasema njoo unisimamie. Nilikuwa nachomeka pini kwenye gauni la bibi harusi. Nikamwambia nakuja." Alifunika uso. "Nilikuja baada ya dakika arobaini. Nilisema nakuja, Mama, na aliniamini."

Walilia pamoja, wameshikana, pini zimetawanyika sakafuni. Walipomaliza, Mama alijifuta kwa upande wa khanga yake.

"Watatu tumebeba mzigo mmoja, kila mtu chumba chake," alisema. "Mwite."

Mizani alikuja Jumapili asubuhi na shati lilelile. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kuhukumiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu."

Mama alimpa Fundi ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, lilifunguka kwa tabu. Ndani palikuwa na vumbi, benchi, na chuma juu ya nguzo zake, sahani bado zilezile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzivua. Fundi alimweleza Mizani habari ya simu na dakika arobaini, maneno yote, bila kujipunguzia. Mizani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo na wewe unaisikia," alisema taratibu.

"Kila siku."

"Basi nilale hapo benchini, nijaribu chuma chake?"

"Lala. Mimi nikusimamie."

"Fundi, mimi sijabeba miaka miwili. Sitafika mbali."

"Najua. Na mimi sijawahi kupita sabini na tano."

Fundi alivivua vibano kimoja kimoja, akaviweka dirishani. Akapaka chaki viganjani. Mizani alilala, akashika chuma.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo."

Moja. Mbili. Ya tatu ilipanda nusu, ikasita, ikarudi chini, na chuma kikamkalia kifuani. Mizani alifungua mdomo, sauti haikutoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Fundi aliona. Ndiyo maana hakuna aliyesikia. Aliinama. Mgongo aliuweka kama kurasa zile nne zilivyosema, vidole vikazunguka chuma, akavuta. Hakikusogea. "Nipo," alisema, "nipo, nipo, nipo," na safari hii kikatoka kifuani, kikapanda, sahani zikitikisika, mpaka kikagonga nguzo na kutulia.

Hakukiachia. Mizani ilimbidi ainuke na kumbandua kidole kimoja kimoja.

"Themanini," alimwambia, machozi yanamtiririka mashavuni. "Imefika, mpenzi. Imetoka."

"Nimechelewa."

"Kwangu hukuchelewa."

Akamkumbatia, chaki ikaacha viganja viwili vyeupe mgongoni mwa lile shati. Fundi alilishika begani, pale linapopwaya, akavuta pua.

"Hili silipunguzi. Utalijaza tena. Kila Jumapili, hapahapa, na mimi nikiwa nyuma yako. Ukitaka kuniacha, useme sasa."

"Nikuache niende wapi? Mimi nataka nije kwa wazee wako kwa heshima zote."

"Mzee ni mmoja tu, na anatusikiliza."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa amesimama koridoni, mkono ukutani.

"Kimenyanyuka?" aliuliza.

"Kimenyanyuka, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Alitazama benchi tupu, kisha mwanamume aliyesimama kando yake.

"Usiondoke bila kula," alimwambia, akaenda zake.

Baada ya muda walisikia kitambaa kikivutwa juu ya kabati, kitufe kikigeuzwa, mkwaruzo wa mawimbi, na wimbo. Mama aliiweka redio sauti ya chini, ili asikie pia chumba cha pili.