Mbwa Wawili wa Dirishani

Nilitoka nyumbani kupeleka mapazia, basi. Mapazia manne niliyoyashona kwa mikono yangu, kwa kitambaa nilichokidharau tangu siku kilipoletwa. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mwisho wa Novemba, na kisiwani kwetu saa hizo jua limeshazama nyuma ya vilima vya mchanga. Njia za kijiji chetu, Sønderho, zilikuwa tupu. Upepo ulitoka baharini, na ulikuwa na chumvi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa na rangi ya uji wa shayiri uliolala. Aliyekichagua ni Preben.

Preben alikuwa muuza masofa kutoka mji wa Kolding, bara, mwanamume wa miaka hamsini na miwili mwenye mikono laini, aliyevaa skafu shingoni hata akiwa ndani ya nyumba. Jumamosi ya wiki ile alikuwa anamwoa wifi yangu Sidsel na kuhamia kwake. Sidsel ni mjane wa kaka yangu Ditlev. Ditlev alikuwa msaidizi wa nahodha, na meli yake ilipotea baharini miaka sita kabla ya hapo ikiwa na watu kumi na mmoja. Hakupatikana mtu. Hakikupatikana hata kiatu.

Sikumwonea Sidsel wivu wa kupata mwanamume mwingine. Alikuwa ameniambia mwenyewe jikoni kwake, "Wifi, nimechoka kuongea na birika. Nikimkosa huyu, nitazeeka humu peke yangu na baridi hii." Nilimpenda Sidsel. Ningemshonea mapazia hata kama angetaka kuolewa na kabati. Kwa kweli, nilipomfahamu Preben vizuri, niliona kabati lingekuwa na mazungumzo zaidi.

Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia.

"Shemeji, karibu," Preben alisema kutoka juu ya stuli. "Vua viatu. Zulia jipya."

"Liko wapi?"

"Umelikanyaga."

Nikatazama chini. Zulia lilikuwa na rangi ya uji. Sofa ilikuwa na rangi ya uji. Juu ya sofa ililala mito saba, na yote ilikuwa uji, isipokuwa mmoja uliokuwa uji wenye maziwa mengi. Ukuta, ambao tangu enzi za babu ulikuwa wa kijani cha bahari, sasa ulikuwa umepakwa rangi aliyoiita "pumzi ya asubuhi." Sikuuliza ni asubuhi ya nani.

Kisha nikaona ukuta wa jiko la kuni.

"Vigae viko wapi?" nikauliza.

"Vipo chini ya rangi. Usijali, hatujavunja hata kimoja."

Vigae vile vya buluu na vyeupe babu yetu alivileta kutoka Uholanzi kidogo kidogo, safari baada ya safari, amevifunga ndani ya soksi za sufu ili visipasuke. Ilimchukua miaka tisa kuujaza ukuta ule. Preben aliufuta kwa siku moja, kwa brashi pana.

"Vilikuwa vinapiga kelele," alinieleza taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi. "Jicho linachoka. Sebule nzuri, shemeji, inakukumbatia."

"Mimi sijawahi kukumbatiwa na ukuta."

"Inaonekana."

Sidsel alicheka kutoka jikoni, kicheko cha mtu anayeogopa sahani zitavunjika. "Niacheni nichemshe kahawa kwa amani, nyinyi wawili."

Nikapanda stuli, nikaanza kutundika mapazia. Preben alinifuata nyuma akinionyesha kazi yake, maana watu wa aina yake hawafurahi mpaka uone. Taa ya darini alikuwa ameing'oa. Taa ya juu, alisema, ni ya hospitali. Badala yake aliweka taa tatu fupi sakafuni na mishumaa kwenye kila meza. Mwanga wake ulifika kiunoni tu. Juu ya hapo chumba kizima kilikuwa kivuli.

"Na kiti cha Ditlev?"

"Kile cheusi? Kipo bandani. Mtu akikaa pale anafanana na hakimu."

Nilikuwa nimefika dirisha la mbele, na mkono wangu ulikuwa umeganda juu ya pazia.

Mbwa walikuwa wananitazama.

Kila nyumba ya baharia kisiwani kwetu ina mbwa wawili wa kauri dirishani, weupe, masikio ya rangi ya kutu, mnyororo wa dhahabu umechorwa shingoni. Mume akiwa baharini, mbwa wanatazama nje. Akirudi, mke anawageuza watazame ndani, na kila anayepita njiani anajua kwamba mwenye nyumba amefika. Na mume akizama asipatikane, mbwa wake hubaki wakitazama nje. Mwanamke huwafuta vumbi, lakini hawageuzi. Mtoto wa miaka minne wa Sønderho anajua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vyake.

Kwa miaka sita mbwa wa Sidsel walikuwa wametazama bahari. Sasa walitazama sofa.

"Nani amewageuza?"

"Mimi. Tangu saa nane mchana, Sidsel alipokwenda dukani." Preben alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kama anayepima picha. "Nimeipanga sebule hii wiki tatu, halafu nikae jioni na mke wangu nikitazama matako ya mbwa wawili?"

Nyuma yetu sinia ikagonga mlango. Sidsel alikuwa amesimama pale na kahawa, na uso wake ulikuwa umepoteza damu yote.

"Preben," alisema polepole. "Warudishe."

"Wewe pia?"

"Warudishe, tafadhali. Nitakueleza baadaye."

"Wanawake wazima, mnaogopa vyombo." Nilipounyosha mkono dirishani, aliukamata kwa vidole vyake laini na kuushusha, bila hasira, kama unavyomshusha mtoto mkono kwenye keki. "Hapana, shemeji. Kuanzia Jumamosi hii ni nyumba yangu. Mbwa wa nyumba yangu watanitazama mimi."

Ndipo tuliposikia buti.

Mtu alikuwa anakwangua buti zake kwenye kile chuma cha mlangoni cha kutolea matope. Mguu wa kushoto, mara tatu. Mguu wa kulia, mara tatu.

Krrr... krrr... krrr...

Ndivyo Ditlev alivyokuwa akikwangua za kwake. Vikombe vililia kidogo kidogo kwenye sinia ya Sidsel.

"Mna mgeni," alisema Preben.

Mgeni hubisha hodi, na yule hakubisha. Mlango wa nje ulifunguliwa tu, kwa uzito, kama unavyofunguliwa na mtu aliyeufungua maisha yake yote. Baridi ikaingia. Miali ya mishumaa ikalala upande mmoja, ikabaki imelala. Na harufu ikafuata... lami, mwani, na sufu iliyooza ikiwa imelowa.

"Nitamwona mimi," Preben alisema, akaenda kwenye korido na soksi zake za kijivu. Tulimsikia akisema kwa sauti yake ya dukani, "Habari za jioni. Tafadhali vua viatu."

Maji yalidondoka kwenye mbao za korido.

Kisha hatua. Nzito. Za mtu mmoja.

Zilipita pale aliposimama Preben. Zikaingia sebuleni.

Sura sikuiona. Mpaka leo naulizwa, na mpaka leo nasema sura sikuiona. Zile taa za sakafuni zilinionyesha buti, suruali nene iliyokuwa ikichuruzika maji, ncha ya koti, na mkono mmoja. Kutoka kiunoni kwenda juu kulikuwa na giza, na ndani ya giza lile mtu alikuwa anapumua kwa taabu, kama anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa.

Mkono ulinyooka ukagusa ukuta.

Ukapapasa. Ukasogea, ukapapasa tena. Ulikuwa unatafuta kitu. Ulipofika kwenye ukuta wa jiko la kuni, kucha zikaanza kukwaruza. Rangi ya Preben ilitoka kwa vipande virefu, laini, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake ikatokea buluu. Meli ndogo ya buluu juu ya kigae. Kidole kiliigusa, kikatulia.

Kisha nikasikia sauti ya pua. Mh.

Niliijua. Kaka yangu alikuwa hasemi kuwa chakula ni kibaya. Alikuwa anatoa sauti ile, na mpishi alitamani ardhi ipasuke. Dharau ni ugonjwa wa ukoo wetu. Mama alikuwa nayo. Mimi ninayo. Yeye alikuwa nayo kuliko sote, na Sidsel aliila miaka kumi na minne.

"Kiti," sauti ilinong'ona. Maji yalitoka nayo.

Sidsel alitikisa kichwa.

"Kiti changu, Sidsel."

"Sijakitoa mimi," alijibu kwa sauti ndogo sana.

Mkono uliondoka ukutani ukashuka begani kwake. Sinia ikaanguka. Maji yalianza kuteremka kwenye gauni lake kutoka pale mkono ulipolala, yakijaa, yakimwagika, mengi kuliko yanavyoweza kutoka kwenye koti la mtu. Alifungua mdomo aniite, na mdomoni hamkutoka jina langu. Yalitoka maji. Midomo yake ilikuwa inageuka buluu, naye amesimama wima katikati ya sebule, juu ya zulia jipya, akizama.

Preben alikuwa mlangoni. Alikuwa ameuokota mto mmoja sijui saa ngapi, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakusogea. Alitazama tu.

Niligeukia dirisha.

Mbwa wa kwanza aligeuka upesi. Kauri ilikuwa baridi kama barafu lakini ikageuka, uso wake ukaelekea baharini, na nyuma yangu nikamsikia Sidsel akivuta pumzi moja, fupi.

Wa pili hakugeuka.

Nilimsukuma. Nilimvuta. Alikuwa kama amejengewa kwenye ubao wa dirisha. Katika kioo cha dirisha niliona chumba chote nyuma yangu, taa tatu, mishumaa iliyolala, wifi yangu akipiga magoti. Nikamkamata mbwa shingoni kwa mikono yote miwili, nikauma meno, nikamzungusha kwa nguvu zangu zote.

Aligeuka.

Mishumaa ikazimika kwa pamoja. Hatua zikatoka, hazikuwa na haraka. Mlango wa nje ukafungwa.

Nilimkuta Sidsel sakafuni akikohoa. Alitapika maji ya bahari, nilichovya kidole nikalamba, nikahakikisha. Nikamfunika na blanketi la Preben, nikamsugua mgongo, nikamwambia, "Amekwenda, wifi. Amekwenda."

Alipopata sauti, aliuliza neno moja.

"Preben?"

Viatu vyake vilikuwa kwenye korido, vimepangwa vizuri, visigino ukutani. Koti lake lilikuwa kwenye ndoano. Mto ulikuwa juu ya kizingiti, umelowa.

Nilichukua tochi nikatoka. Alama zilianza penye mlango na kuteremka moja kwa moja katikati ya vilima vya mchanga. Zilikuwa alama za watu wawili. Mmoja alivaa buti. Mwingine alivaa soksi. Hakukuwa na dalili ya kuvutana, wala ya kuburutwa. Walikwenda sambamba, hatua kwa hatua, kama marafiki wanaokwenda kutazama maji. Zilifika ufukweni. Wimbi lilikuwa linazifuta za mwisho nilipofika.

Polisi walikuja kwa kivuko asubuhi. Walikuwa vijana wawili wapole waliokunywa kahawa nyingi. Waliandika kwamba Preben aliogopa ndoa akaondoka kisiwani. Nikawauliza kama mwanamume anakimbia ndoa kwa soksi, mwezi wa Novemba, na kuliacha gari lake uani. Mmoja akasema watu hufanya mambo ya ajabu. Gari lilikaa pale mpaka Januari, ndugu yake alipokuja kulichukua. Kuhusu gauni la Sidsel walisema bomba lilipasuka. Hakuna bomba ndani ya ukuta ule. Niliwaambia. Waliandika bomba.

Mimi nimewaza sana, na nilichofikia ni hiki tu. Mbwa wa kauri hawajui majina ya watu. Wanapotazama ndani, mwanamume wa nyumba yuko nyumbani. Wanapotazama nje, mwanamume wa nyumba yuko baharini. Jioni ile nyumba ilikuwa na wanaume wawili, na mmoja alikuwa ametangaza kwa kinywa chake kwamba nyumba ni yake.

Labda ndivyo. Labda walikwenda wote wawili kwa sababu mimi niliwageuza mbwa wote wawili. Sijui.

Majira ya machipuko Sidsel alinialika. Sofa ilikuwa imeuzwa. Alikuwa amekwangua rangi yote mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kigae kwa kigae, na vidole vyake vilikuwa na makovu. Hakunitazama aliponiuliza.

"Siku ile, wifi. Ulipokuwa unawageuza. Ulikuwa unamfukuza nani?"

"Ditlev," nikasema. "Nani mwingine?"

Alinijazia kikombe. Tangu siku hiyo hajanialika tena, tukikutana kanisani ananisalimia kama anavyowasalimia wageni wa kiangazi.

Nilimdanganya nusu tu. Mbwa wa kwanza nilimgeuza nikimwomba kaka yangu arudi alikotoka, na niliomba kwa moyo wangu wote. Lakini wa pili alikuwa mzito, na maombi hayakumtikisa. Nilihitaji hasira. Nikainua macho kwenye kioo, nikamwona Preben pale mlangoni, mto kifuani, akimtazama Sidsel anavyokufa... na mbwa akageuka.