Hajambo Kidogo

Mama mmoja, fundi cherehani, alimwita mwanawe Kifungo. Mtoto alikuwa mdogo, wa mviringo, na kila siku alilala kando ya meza ya kazi, juu ya mabaki ya vitambaa. Mlio wa cherehani ndio uliokuwa wimbo wake wa usingizi.

Asubuhi moja Kifungo alikataa kunyonya. Alikuwa akikohoa tangu jana yake, na mwili ulichemka. Mama yake akafunika cherehani, akambeba hadi kituo cha afya.

Pale mapokezi palikuwa na kioo chenye tundu dogo chini. Ukitaka kusikika, sharti uiname kama anayechungulia chungu. Ndani alikaa karani, akiandika. Hakuinua macho.

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mtoto anaendeleaje?"

Fundi alifunzwa kwao kwamba mwenye adabu haanzi na shida. Salamu kwanza, mengine yatafuata. "Hajambo kidogo, tunashukuru," akasema, akavuta pumzi ili aeleze yaliyobaki.

"Kaa, utaitwa." Karani akamwita mwingine.

Basi akakaa. Feni ilizunguka polepole juu ya vichwa vya watu. Benchi lilijaa, likapungua, likajaa tena. Alirudi dirishani, akaambiwa kila mtu ana haraka. Akarudi kwenye benchi. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia. Kifungo alikuwa ametulia kifuani pake, na utulivu ule ukamlaza na yeye.

Akaota anashona. Kitambaa cheupe kilipita chini ya sindano, kikateremka sakafuni, kikatoka mlangoni, kikaenda zake barabarani bila mwisho. Alishona na kushona. Kisha akatazama vizuri. Sindano haikuwa na uzi.

Mkono ulimgusa begani. Alikuwa jirani yake, muuguzi wa kituo hichohicho, anatoka zamu.

"Kifungo amelala tangu lini?"

"Tangu tulipofika. Nashukuru amepumzika."

Muuguzi alifunua nguo ya mtoto. Kila Kifungo alipovuta pumzi, kifua kilibonyea ndani, chini ya mbavu. Akamtekenya wayo. Mtoto hakushtuka.

"Huku si kupumzika, jirani. Kifua kinabonyea, hanyonyi, haamki. Hata moja tu kati ya hizo ni dalili ya hatari, na dalili ya hatari haipangi foleni. Ulimwambia nini karani?"

"Kwamba hajambo kidogo."

"Salamu zako ni nzuri, lakini hazimwambii mtu kitu. Dirishani anza na shida. Na hali ikibadilika, rudi useme tena. Njoo, sema mwenyewe nikusikie."

Fundi aliinama kwenye tundu. "Mwanangu anapumua kwa shida. Hanyonyi. Haamki."

Karani aliinua macho. Hakuuliza jina. Alifungua mlango wa pembeni na kumpeleka moja kwa moja kwa daktari. Njiani alinung'unika, "Mbona hukusema mapema?"

"Uliniuliza hali, dada. Hukuniuliza kilichonileta."

Karani akaongeza mwendo.

Kifungo alikuwa na homa ya mapafu. Aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano ya dawa, akalazwa. Mama yake alikaa pembeni akitazama kile kifua kidogo, akiogopa hata kupepesa macho. Siku mtoto alipolishika titi na kunyonya kwa pupa, fundi alilia bila kujificha.

Walirudi baadaye, kama daktari alivyoagiza. Foleni ilikuwa ileile, feni ileile. Lakini fundi alipofika kwenye kioo, karani alikuwa anamtazama.

"Nini kimewaleta leo?"

"Tumekuja kuangaliwa tu, baada ya kulazwa."

"Na mtoto?"

Kifungo alikuwa ameshapenyeza vidole kwenye tundu, anavuta kalamu ya karani.

"Hajambo," fundi akasema. Hakuongeza "kidogo".