Kiatu Alichokichoma Royce

Harufu ya ngozi inayoungua ilianza Jumanne mchana, na jiko la klabu halikuwa limewashwa tangu Jumapili.

Royce Tuddenham aliinusa. Seremala mwenye domo pana kuliko mlango wa ghala, siku hiyo hakuwa hata na mzaha mmoja wa kumtupia mtu.

Klabu yenyewe zamani ilikuwa nyumba ya shamba: mihimili ya mwaloni iliyopinda kama mgongo wa kikongwe, kuta za fito na udongo, sakafu iliyolala upande hadi mpira wa biliadi ukianguka unajiendea wenyewe ukutani. Wakulima waliondoka, wakaja wanywa bia. Katikati palisimama dohani la matofali, na Royce ndiye aliyetoboa ubavu wake apitishe bomba la bia. Nyuma ya tofali akakuta kiatu cha mtoto, kimoja tu, kimekakamaa. Fundi yeyote wa Suffolk, huku Uingereza, anajua: wazee walikificha humo ili pepo anayeshuka dohanini aingie kiatuni, anase. Ukikikuta, unakirudisha. Jumapili ile Royce yeye akacheka, akakitupa kwenye moto wa jiko kikawaka. Shujaa kweli!

Kesho yake nyayo zikaanza kutembea juu. Mabomba ya bia yakafunguka yenyewe. Na lawama zote zikamwangukia Mzee Wilf, mtunza klabu, aliyeacha pombe miaka tisa iliyopita.

"Royce, mwanangu, na wewe unazisikia?" Wilf alimnong'oneza.

"Mbao kuukuu hizo, mzee. Zinatanuka tu."

Alimwambia hivyo akimtazama machoni.

Jumamosi adhuhuri kamati ikakaa. Bi Avril, mwenyekiti, hakuzunguka.

"Wilf, pipa la tatu limemwagika. Umerudia chupa?"

"Sijagusa hata tone."

"Basi amekunywa panya," mtu akadakia, wakacheka.

"Avril, chumba changu ni hicho hapo juu. Nikitoka hapa nalala wapi?"

Bi Avril akatazama meza. "Wanaotaka aondoke, mikono juu."

Mikono ikainuka, mmoja, miwili, minne, na Royce akiwa peke yake kwenye benchi la dirishani akahisi macho ya wote yakimgeukia yeye, yakingoja mkono wake, na wakati huohuo juu ya dari, mchana kweupe, nyayo ndogo zikaanza kuvuka chumba kitupu cha Wilf, zikafika ngazini, zikashuka kipandio kimoja kimoja bila haraka, na ile harufu ikashuka nazo, na kila mtu akawa anazisikia na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

"Mimi!" Royce akaropoka. "Kiatu cha dohanini nilikichoma mimi. Wilf hana kosa."

Nyayo zikakoma.

"Ulichoma nini?" Bi Avril alinong'ona.

Wilf hakupaza sauti. "Siku zote hizi, Royce? Nikakuuliza, ukaniambia ni mbao?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Wilf abaki, hilo halikuhitaji kura tena.

Ndipo mto wa benchi, pembeni mwa Royce, ukabonyea polepole, kama mtoto aliyechoka amekaa. Wote waliuona.

"Nenda nyumbani, kijana," Wilf akamwambia kwa upole, akirudi nyuma.

Royce akainuka taratibu.

Na ule mto nao ukajaa tena, kama aliyeukalia ameinuka pamoja naye.