Mikono Iliyopambwa kwa Ajili ya Daktari

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, fundi viatu alimfunga mkewe vifungo vya gauni. Alianza na cha shingoni, akashuka taratibu mpaka kiunoni. Vilikuwa sita.

"Leo umeruka kimoja," mkewe alimwambia.

"Sijaruka. Tumbo lako ndilo limekifungua."

Walicheka. Walikuwa wamezoea kucheka hapo ili wasilitaje jambo lenyewe. Mke huyu alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, uzi umebanana safu moja, hakuna uliochomoza. Sasa kifungo cha gauni lake mwenyewe kilimshinda.

Ugonjwa ulianza miaka minne nyuma. Vidole na vifundo vya mikono vilivimba, kulia na kushoto. Hospitali walimpima damu, wakamwambia ni baridi yabisi. Walimpa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, si kila siku, na wakamtaka arudi kila baada ya miezi mitatu. Alirudi bila kukosa. Tatizo ni jinsi alivyorudi.

Siku ya kliniki, Mama Vifungo alijiandaa kama anayepokea wageni. Alikwenda mchana, kwa kuwa kufika mchana vidole huwa vimelegea. Kabla ya kutoka alichovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akaipaka mafuta, akameza vidonge vya maumivu. Alivaa gauni lisilo na vifungo. Daktari alipomuuliza anaendeleaje, alijibu, "Sijambo, daktari. Nashukuru."

Hakukusudia kudanganya. Foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa mpole. Kumwambia kwamba dawa yake haitoshi aliona ni kama kumwambia mwenyeji wako chakula hakina chumvi. Basi daktari aliandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, akampa dawa ileile, kiasi kilekile. Ikawa hivyo miaka mitatu.

Asubuhi moja jirani yake muuguzi alileta sare iliyokufa zipu. Alimkuta Mama Vifungo ameshika mkasi kwa mikono miwili, kama anayekata matawi, na kitambaa kinakwenda upande. Muuguzi hakuitoa sare kwenye mfuko. Alimwangalia.

"Shangazi, mikono inakuwa hivi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tatu hivi. Halafu inalegea."

"Na unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Muda wa saa tatu nzima mikono imekaza, kila siku. Daktari wako anajua?"

Mama Vifungo aliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Kisha alimweleza yote: maji ya uvuguvugu, mafuta, na ile sijambo yake. Akaongeza hata jambo ambalo mumewe hakulijua. Vidonge vya wiki vilimtia kichefuchefu, kwa hiyo baadhi ya wiki aliviruka.

Muuguzi hakumcheka. Alivuta kigoda akaketi.

"Huu ugonjwa si wa uzee," alisema. "Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwako wamekosea njia, wanapiga viungo vyako. Dawa ya maumivu inakupunguzia maumivu tu, askari wanaendelea kupiga. Dawa ya kila wiki ndiyo inayowatuliza. Ikishindwa, daktari anaweza kuiongeza, kuibadilisha, au kuichanganya na nyingine. Lakini atajuaje? Damu haisemi yote, shangazi. Mengine anayaona kwa macho na kuyasikia kwako. Wewe umemfumba macho, na mdomo wako umeufunga."

Alimwambia anunue daftari. Kila siku aandike ameamka saa ngapi na vidole vimelegea saa ngapi. Aandike viungo vilivyovimba, kazi iliyomshinda, na wiki aliyoruka dawa. Kichefuchefu nacho akiseme, kwa kuwa kina njia za kupunguzwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Aombe kwenda kliniki asubuhi, na mikono aiache ilivyo. Kama amemeza dawa ya maumivu, aseme amemeza saa ngapi. Tena aende na mtu anayemwona nyumbani.

"Na usingoje miezi mitatu iishe," alimaliza. "Nenda wiki ijayo."

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili. Daktari aliuliza kama kawaida, na mdomo wa Mama Vifungo ukaanza wenyewe kusema sijambo. Fundi viatu akakohoa.

"Kwa salamu, sijambo," mkewe alisema. "Kwa mikono, hali ni mbaya."

Akaweka daftari mezani. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Alibonyeza kiungo kimoja kimoja, akampeleka kupigwa picha ya mikono. Picha ilipokuja aliiinua kwenye mwanga.

"Mama, hivi vidole viwili vya mkono wa kulia, mifupa imeshalika. Havitanyooka."

"Na kama ningesema tangu mwanzo?"

"Huenda tungeviokoa," daktari alisema. Akaweka kalamu chini. "Na mimi nilipaswa kuuliza zaidi. Niliridhika na sijambo yako."

Fundi viatu alitazama dirishani. Miaka yote hiyo aliona kila kitu, naye akafanya utani.

Siku hiyo matibabu yalibadilika. Kiasi cha dawa kiliongezwa, ikaongezwa na dawa ya pili. Alipewa ya kupunguza kichefuchefu. Alipangiwa vipimo vya damu vya mara kwa mara, kuhakikisha ini halidhuriki. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kunyoosha vidole na kushika mkasi wenye mpini mnene. Daktari alimwambia lengo si kuvumilia. Lengo ni ugonjwa utulie kabisa, na wasipolifikia watabadilisha tena. Alimtaka arudi baada ya mwezi mmoja.

Nafuu haikuja upesi. Mwezi wa kwanza hakuona kitu, na nusura akate tamaa. Mwezi wa tano, daftari lilionyesha mikono inalegea robo saa tu baada ya kuamka. Cherehani ililia tena tangu asubuhi. Kazi ndogo ya mkono, ile iliyompa jina, alimwachia mkwewe, mke wa mwanawe. Alimwelekeza kwa mdomo.

Siku moja kwenye benchi la kliniki alikaa na mwalimu kijana aliyevuta mikono ya sweta mpaka kwenye kucha. Mwalimu alisema ni mara yake ya pili kuja, na hataki kumsumbua daktari kwa mambo madogo.

Mama Vifungo aliweka mkono wake wa kulia juu ya paja, ukaonekana wote.

"Mwanangu, tazama hivi viwili. Hivi nilivipoteza kwa kuona haya. Wewe bado una kumi. Ingia ukaseme kila kitu, hata kama foleni itanung'unika."

Mwalimu aliitwa. Alikunja mikono ya sweta mpaka kwenye viwiko, akaingia.

Mama Vifungo alibaki kwenye benchi. Kwa mkono wa kushoto alivibonyeza vile vidole viwili, taratibu, kama anayepiga pasi kitambaa kilichokwisha kuungua.