Mafundi Wasiosema Hapana

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Mbishi alipita mtaa wa mafundi cherehani mpaka kwenye kibanda cha mama yake. Kazi zilikuwa zilezile: kufagia vipande vya vitambaa chini ya meza, kutunga uzi kwenye sindano, kupiga pasi nguo zilizokwisha na kuzitundika kwenye kamba. Darasani alikuwa na jina jingine, refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu akiwa mdogo aliuliza "kwa nini" mpaka watu wazima wakaishiwa majibu, basi jina la Mbishi likamganda. Yeye mwenyewe hakulichukia hata kidogo.

Shuleni alikuwa kwenye klabu ya kompyuta. Klabu ilikuwa na chumba kimoja chembamba na kompyuta kuukuu, baadhi zikikohoa kama wazee kabla ya kuwaka. Mbishi alikipenda chumba kile kuliko mahali pengine popote, na hapa sitii chumvi. Pale ndipo ubishi wake ulipokuwa na faida, kwa sababu programu isiyofanya kazi haiwezi kutulizwa kwa maneno matamu. Ni lazima mtu aulize kwa nini, na aulize tena.

Sasa chumba hicho kilikuwa hatarini. Mwalimu mkuu alitaka stoo ya madawati mabovu, na alisema waziwazi mbele ya shule nzima kwamba muhula ujao atakichukua, isipokuwa kama klabu itamwonyesha programu moja tu inayotumiwa na watu wa nje ya shule.

"Sitaki ya kupigiwa makofi," alisema. "Nataka ya kutumiwa."

Wiki hiyo mwenyekiti wa klabu aliitisha mkutano. Wenzake walimwita Profesa, kwa kuwa sare yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku ya mvua, na kwa kuwa aliweza kusema juu ya jambo lolote bila kukwama.

"Nimepita mtaa wa mafundi cherehani," Profesa alitangaza. "Nimewauliza wote kama wangependa programu ya simu yenye picha za mitindo ya nguo, ili mteja achague mwenyewe. Wote wamesema ndiyo. Fundi mmoja alinishika mkono akaniombea dua."

Wanachama walipiga makofi. Mwalimu wa kompyuta, kijana mcheshi aliyependa kila kitu kianze haraka, alisugua viganja vyake. "Basi tuanze mara moja," alisema.

Mbishi alisimama. "Mwalimu, mmoja wa hao mafundi ni mama yangu. Mama yangu hajawahi kumwambia mtoto wa watu hapana. Mwulize kama angependa achorewe tembo ukutani, atakwambia ndiyo, mwanangu, ubarikiwe."

Darasa likaangua kicheko. Profesa hakucheka. "Ni wivu tu," alisema. "Wazo si lako, ndiyo maana linakuwasha."

"Wazo halina ubaya. Nauliza ni nani analihitaji."

"Mbishi, keti," mwalimu alisema. "Wengi wameshaamua."

"Nitaketi, mwalimu. Ila siandiki hata mstari mmoja wa programu ambayo hakuna atakayeitumia. Chumba kitakwenda, na sisi tutabaki na picha za magauni."

Kila mtu alijua kwamba bila Mbishi programu nyingi za klabu zisingewahi kuwaka. Mwalimu alijua pia, na huenda hilo ndilo lililomchoma. "Kama huwezi kushirikiana na wenzako, kaa nje mpaka utulie," alisema.

Mbishi alichukua mkoba wake akatoka kichwa juu. Alipofika nyuma ya ukuta alilia, kisha akajikaza kisabuni, akafuta uso kwa mkono wa shati na kwenda zake kibandani. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa na hofu zaidi. Kama amekosea, atakuwa amekipoteza chumba kwa mdomo wake mwenyewe.

Mama yake alikuwa akishona mfuko wa suruali. "Mama, uliahidi utatumia programu ya picha?"

"Nilisema ndiyo. Ulitaka nimjibuje? Mtoto amekuja na adabu zake, kanisalimia vizuri, nimvunje moyo?"

"Lakini utaitumia?"

"Ya nini? Wateja wanakuja na picha tele kwenye simu zao. Wengine zinanitia kizunguzungu."

"Basi umemvika kilemba cha ukoka."

"Chunga mdomo wako," mama alisema, ingawa midomo yake mwenyewe ilikuwa ikipigana na kicheko.

Mbishi akaona nafasi imefika. "Mimi najua shida yako halisi. Ni vipimo vya wateja. Nikikutengenezea programu ya kuhifadhi vipimo, utaipenda?"

"Ndiyo, mwanangu," mama alijibu bila kuinua macho. "Itanisaidia sana."

Mbishi alifungua kinywa ashangilie, kisha akakifunga polepole. Hiyo ilikuwa ndiyo ileile aliyopewa Profesa, yenye sauti ileile. Hata yeye Mbishi alikuwa amekuja na jibu mfukoni, akamwomba mama alisifu. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Alivuta kigoda, akaketi, akawaza. Halafu akauliza swali la namna nyingine kabisa. "Mama, mara ya mwisho kazi ilikutibua nyongo kwa sababu gani?"

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali ya cherehani. "Leo hii asubuhi. Yule nesi. Alikuja tena kuulizia sare yake. Nikaacha kushona, nikapekua rundo lote, kumbe hata sijaikata. Sare aliyonayo imechanika, kazini wameshamwonya. Alitokwa na machozi hapo ulipokaa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia aje kesho."

"Na kesho itakuwa tayari?"

Mama alitazama mikono yake. "Hapana. Ninasema kesho ili mtu aondoke nipate kushona. Nikianza kushona, anaingia mwingine kuulizia ya kwake. Siku nzima ninapekua rundo na kudanganya watu, na sipendi."

Mbishi alikaa pale kigodani akitazama mlango, alasiri hiyo na nyingine zilizofuata. Wateja walioleta kitambaa au kuchukua nguo walikuwa wachache. Waliojaa mlangoni ni wale waliokuja kuuliza tu, wakaondoka na kesho mkononi. Alikwenda pia kwa fundi jirani, mzee aliyeitwa Mkasi kwa sababu ya ulimi wake, akamuuliza swali lilelile. Mkasi aliwasema wateja wanaomsimamia kichwani mpaka chai yake ikapoa.

Ndipo Mbishi alipomfuata Profesa uwanjani, mbele ya rafiki zake.

"Njoo nami kwa Mkasi. Kama nimekosea, nitaandika programu yako yote peke yangu."

Profesa alikwenda shingo upande. Mkasi alipoulizwa juu ya ile programu ya picha, hakumung'unya maneno. "Kijana, nilisema ndiyo kwa kuwa ulikuwa umeniziba mwanga wa dirisha. Nilitaka uondoke."

Uso wa Profesa ulimshuka. Aliangalia dirisha, akasogea kando. Mbishi alikuwa ameisubiri saa hiyo ili amcheke, lakini ilipofika hakuweza. "Hata mimi nilipewa ndiyo ya bure," alimwambia. "Na mama yangu mzazi." Kisha akamsimulia habari ya wateja wanaokuja kuuliza tu.

"Sasa tufanye nini?" Profesa aliuliza. "Tuandike programu ya kuwaambia wateja nguo imekwisha?"

"Tusiandike chochote. Hatujui bado. Kwanza tuifanye kazi hiyo kwa mikono."

Wakaivalia njuga kazi hiyo. Nguo zote za mama zilitolewa kwenye rundo na kupangwa kwenye kamba kwa zamu, kila moja na namba yake. Neno kesho likapigwa marufuku kibandani. Kila nguo ilipokwisha, Mbishi alichukua simu ya mama na kumwandikia mteja ujumbe kwamba nguo iko tayari. Profesa alikaa mlangoni kuzungumza na wateja, na kwa kweli kazi hiyo iliumbwa kwa ajili yake.

Lakini wateja waliendelea kuja kuuliza. Mbishi alikaribia kukata tamaa. Profesa ndiye aliyemuuliza nesi kwa nini amekuja ilhali ameambiwa asubiri ujumbe.

"Nilipoona kimya, nikajua sare imepotea," nesi alisema. "Mtu akinyamaza, si unawaza mabaya?"

Kumbe ujumbe mmoja haukutosha. Wakaongeza mwingine wa kila asubuhi, kumwambia kila mteja ni nguo ngapi ziko mbele ya yake. Baada ya hapo mlango ulianza kupumua. Siku moja mama alishona asubuhi nzima bila kuinuka, akamaliza sare ya nesi, akaikunja mwenyewe na kukaa ameishika mapajani, akitabasamu. Mkasi aliona kwa jirani kumetulia, akaja kudai na yeye aandikiwe.

Wawili hao wakampeleka mwalimu wa kompyuta kibandani akaone. Alitazama kamba, akatazama mlango, akakuna kichwa. "Mbishi, nilikutoa nje kwa kosa langu mimi," alisema. "Rudi ndani." Ndipo klabu ikaandika programu. Haikuwa na picha wala mapambo. Fundi alibonyeza nguo inapoingia na inapokwisha, na ujumbe ulikwenda wenyewe. Punde mafundi wengine wa mtaa nao wakaanza kuitumia.

Mwalimu mkuu alikuja mtaa wa mafundi Jumamosi asubuhi, kabla ujumbe wa siku haujatumwa. Klabu nzima ilikuwa pale. Alisimama mbele ya kibanda cha mama yake Mbishi na kuuliza kwa upole, "Mnaipenda programu ya watoto hawa?"

"Ndiyo, mwalimu," mafundi waliosogea pale walisema kwa pamoja. "Nzuri sana, ubarikiwe."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ingetosha. Profesa alimvuta Mbishi mkono wa sare, ishara ya kwamba anyamaze, sasa hivi, maisha yake yote. Lakini Mbishi alisogea mbele.

"Mwalimu mkuu, samahani. Hilo si jibu la kuamini. Hata programu ya picha walisema ndiyo, na hakuna aliyeitaka. Turuhusu tuizime leo, nawe ukae hapa uone."

"Umetumaliza," Profesa alinong'ona.

"Mwanangu," mama alisema, "umeshapata. Nyamaza."

"Bado sijapata, mama. Kama hawaihitaji, basi chumba wachukue tu."

Mwalimu mkuu alivuta kigoda, akaketi. "Zimeni," alisema.

Wakazima. Hakuna kilichotokea. Cherehani zililia, jua likapanda. Profesa alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti. Kisha mwanamke mmoja akaja kuulizia gauni lake, kwa kuwa asubuhi hiyo hakupata ujumbe. Nyuma yake akaja mwingine. Kabla adhuhuri haijafika, mlango wa mama ulikuwa umejaa tena, naye alikuwa amesimama akijibu huku na huku.

Ndipo Mkasi, aliyekuwa hajatoka nje tangu asubuhi, alipotoka kibandani kwake, utepe wa kupimia shingoni, akaenda moja kwa moja kwa yule mgeni aliyekaa kigodani.

"Nani amezima kile kitu? Watu wamenijaa mlangoni, sijashona hata kifungo. Kiwasheni, la sivyo nakwenda shuleni kwao nikamwone huyo mkuu wao uso kwa uso."

"Mkuu wao ni mimi," alisema mwalimu mkuu.

Mkasi hakurudi nyuma hata hatua moja. "Vizuri. Umenipunguzia safari. Sema wawashe."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawageukia wanafunzi, na uso wake ukawa wa darasani. "Sikilizeni. Anayetaka kumsaidia mtu haanzi na kitu anachotamani kukitengeneza. Anaanza na kinachomsumbua yule mtu, anakiona kwa macho yake, na anakijaribu kwa njia nyepesi kabla ya kupoteza nguvu. Sifa watu watakupa bure, hata usipozistahili. Mwenye bidii ya kweli hutafuta ukweli, hata ukiwa unaweza kumnyang'anya anachokipenda. Leo mmoja wenu ameutafuta mbele yangu, na ulikuwa unaweza kumnyang'anya."

"Na stoo ya madawati?" Mbishi aliuliza.

"Nitatafuta kwingine. Chumba ni chenu." Mwalimu mkuu akainuka na kujipangusa nyuzi kwenye suruali. "Sasa washeni hiyo programu, huyu bwana bado amenisimamia."